Uchambuzi wa kisa: Pikapu ya dizeli, tela la boti na breki ya ekzosi

## Usuli

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja anayefuga sato kwenye vizimba nje kidogo ya jiji la Mwanza, pamoja na dereva wake, utingo, na mafundi wawili ambao mpaka leo hawajakubaliana. Wote wameridhia kiandikwe, kwa sharti kwamba majina yao, jina la mwalo (mahali pa kushushia boti ziwani) na la gereji yasitajwe. Mambo madogo yasiyogusa ufundi nimeyabadilisha. Niliitwa baada ya tukio la pili, nikakagua gari na tela, nikaongea na kila mmoja peke yake. Ya mlima Sekenke, lilikotokea tukio la kwanza, nayaeleza kama walivyoyasimulia dereva na utingo, na simulizi zao zinalingana karibu kila mahali.

Swali la mama huyo lilikuwa fupi: pikapu ya dizeli inayovuta tela inahitaji breki ya ekzosi, au watu wanamtafutia njia ya kumtoa hela?

Kwa asiyeijua, breki ya ekzosi ni kipande cha bomba chenye kifuniko ndani yake, kinachofungwa kwenye njia ya moshi. Ukiwasha swichi, kifuniko kinaziba njia. Pistoni zikipanda kutoa hewa zinakuta mlango umefungwa, zinalazimika kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwenye magurudumu. Gari linazuiwa bila pedi za breki kuguswa. Malori ya Kijapani tuliyoyazoea, Canter, Fuso na Isuzu, mengi yanakuja nayo kutoka kiwandani, na dereva anaiwasha kwa kijiti kilicho kwenye usukani.

Sababu ya dizeli kuhitaji msaada huo ni hii. Injini ya petroli ukiachia pedeli ya mafuta, kipepeo cha hewa kinafunga, injini inahangaika kuvuta hewa, na kuhangaika huko ndiko kunakozuia gari. Dizeli nyingi hazina kipepeo cha namna hiyo. Hewa inaingia itakavyo, inabanwa, kisha inarudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika kuibana, kama pampu ya baiskeli uliyoziba tundu lake kwa kidole: unasukuma, nayo inakurudishia mkono. Kwa hiyo yule anayesema dizeli ina uzuiaji mkubwa kwa sababu mbano wake ni mkubwa amekosea. Kinachozuia ni msuguano wa ndani ya injini na mizunguko mingi. Mbano wenyewe unachangia kidogo.

## Gari, tela na mzigo

Gari ni Land Cruiser pikapu, ile ya silinda 6, lita 4.2, isiyo na tabo (feni ya kusukumia injini hewa), gia za mkono tano. Hakuna asiyelijua gari hili huku kwetu. Limebeba kila kitu kuanzia samaki hadi wagonjwa. Tela lilichomelewa kienyeji, lina ekseli mbili, tairi nne, mkono mrefu na taa zinazofanya kazi zikijisikia. Breki halina. Si kwamba zilikufa, hazijawahi kuwepo.

Mzigo wa safari ya kwanza ulinunuliwa Dar es Salaam: boti ya faiba iliyokwishatumika, ikawekwa juu ya tela, na injini mbili za boti, nyavu na vifaa vya vizimba vikapakiwa kwenye bodi ya pikapu. Kwa hesabu yangu, tela na boti vilikuwa kama kilo 2,400, na pikapu na vilivyomo kama kilo 2,900. Jumla kilo 5,300 zikisimamishwa na magurudumu manne ya pikapu.

Niweke hapa takwimu moja, kwa sababu watu wengi hawajawahi kuiona. Huko Australia, ambako Land Cruiser za mfululizo wa 79, aina ya pikapu hii, huvuta matela kila siku, gari hili limepangiwa kuvuta hadi kilo 3,500 tela likiwa na breki zake. Tela likiwa halina breki, kikomo ni kilo 750. Kwa vikomo vyote viwili gari ni lile lile na injini ni ile ile. Mama huyu alikuwa amepita kikomo cha pili zaidi ya mara tatu, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu injini ilivuta bila kulalamika tangu Dar mpaka Singida. Injini kuweza kupandisha mzigo hakukuambii kama breki zitaweza kuushusha.

## Sekenke

Anayetoka Dar kwenda Mwanza kwa barabara ya Dodoma anapita Singida, anafika Misigiri, kisha anaushuka mlima Sekenke kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere. Ni mteremko wenye kona, na madereva wa masafa wanauheshimu. Dereva wetu alikuwa ameupita mara nyingi na pikapu tupu. Kwa tela lenye boti, ilikuwa mara ya kwanza.

Walilala Singida, wakaanza kushuka asubuhi. Mbele yao kulikuwa na lori la mafuta likienda taratibu, taa za tahadhari zikiwaka. Dereva akabaki nyuma yake akiwa gia ya nne, mguu juu ya breki. "Nilikuwa nagusa kidogo tu," aliniambia, "wala sikukandamiza." Kugusa kidogo muda wote ndiko kulikopika breki.

Utingo ndiye aliyesikia harufu kwanza. "Suka, kuna kitu kinaungua." Dereva akadhani ni lori la mbele. Kona iliyofuata pedeli ilikuwa imeshuka chini kuliko kawaida, na ile iliyofuata ikazama mpaka karibu na sakafu, laini, kama haijaunganishwa na kitu. Akapampu. Mara ya tatu ikashika kidogo. Papo hapo akashusha gia ya tatu, akaingiza ya pili injini ikipiga kelele, akawa anavuta hendibreki kidogo kidogo huku kidole gumba kikiwa kwenye kitufe ili isijifunge, akalibana gari upande wa mlima ambako bega la barabara lilikuwa la kokoto. Likasimama gurudumu la mbele la kushoto likiwa ndani ya mtaro.

Utingo akaruka na mawe, akakinga matairi kwa mbele. Kisha akaja na dumu la maji. Dereva akamzuia: "Usimwage! Utapasua diski." Walikaa karibu saa nzima. Waliporudi garini, pedeli ilikuwa ngumu na juu kama siku ya kununuliwa. Wakamaliza mlima kwa gia ya pili, na mahali pengine ya kwanza, wakafika Shelui bila tatizo jingine.

## Uamuzi wa kwanza

Mwanza, mama aliwaita mafundi wawili uani kwake. Wa kwanza ni mtu wa malori. Akasema: "Mama, hii ni dizeli, haishiki yenyewe mlimani. Nakuwekea ekzosi breki ya Canter, utasahau habari ya Sekenke." Wa pili ni mtu wa Land Cruiser. Alizunguka tela, akainama, akainuka: "Mama, hili tela halina breki hata moja. Anzia hapa."

Mama alimchagua wa kwanza, na sababu zake hazikuwa za kijinga. Valvu ya mtumba, yaani kile kipande chenye kifuniko, pamoja na ufundi ilikuwa chini ya nusu ya gharama ya kuweka breki kwenye ekseli mbili. Tela lingelala gereji zaidi ya wiki moja wakati kuna vizimba vinasubiri kushushwa ziwani. Na dereva mwenyewe, ambaye aliwahi kuendesha Fuso, aliiamini breki ya ekzosi kwa uzoefu wake.

Kitu ambacho hakikufanywa na yeyote kati yao ni kufungua kifuniko cha mafuta ya breki na kutazama ndani. Nilipokuja kukifungua mimi, mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na dereva hakukumbuka yamewahi kubadilishwa lini.

Fundi wa malori alifunga valvu vizuri kwa upande wa bomba. Kazi yake ya kuchomelea ni safi. Umeme ndio aliourahisisha: swichi moja kwenye dashibodi, washa, zima. Kwenye Canter kuna swichi nyingine mbili ambazo dereva hazioni, moja kwenye pedeli ya klachi na nyingine kwenye pedeli ya mafuta. Ukigusa yoyote kati ya hizo, valvu inafunguka yenyewe. Hizo hazikuwekwa.

## Kwenye mwalo

Wiki chache baadaye boti nyingine ilikuwa inapelekwa majini. Njia ya kushukia mwaloni pale ni ya udongo mwekundu, ina kona moja, na kona yenyewe imebanwa na jiwe kubwa upande wa kulia, kama kawaida ya Mwanza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Safari hii bodi ya pikapu ilikuwa tupu, na mzigo wote ulikuwa juu ya tela.

Dereva aliingiza gia ya pili, akawasha swichi, akaanza kushuka. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kabla ya kona magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza, na tela likaanza kuusukuma mkia wa pikapu pembeni. Dereva akafanya jambo sahihi, akakanyaga klachi ili magurudumu yaachiwe yazunguke. Lakini valvu ilikuwa bado imefungwa. Injini, ambayo sasa haikusukumwa na magurudumu, ikakosa pa kutolea moshi, ikatetemeka, ikazima.

Injini ikizima, pampu ya usukani inasimama. Kwenye dizeli hii pampu ya kunyonya hewa inayosaidia breki nayo inaendeshwa na injini kupitia altaneta, kwa hiyo baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedeli inakuwa jiwe. Dereva alijikuta na usukani mzito, pedeli ngumu, na tela nyuma yake lililojaa boti. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea, si zaidi. Pikapu ikajikunja na tela, kona ya bodi ikagonga jiwe, mkono wa tela ukapinda, na pua ya boti ikapasuka faiba. Hakuna aliyeumia. Vijana waliokuwa wanaanua dagaa walikuja kusaidia kusukuma, na wakatoa ushauri mwingi.

## Uamuzi wa pili

Hapa ndipo nilipoingia. Nilipendekeza mambo kwa mpangilio wa uzito wake, na mama akayakubali ingawa hakuyafurahia.

La kwanza lilikuwa breki za tela. Zilichaguliwa zile za kusukumwa: kichwa cha mkono wa tela kinateleza ndani, tela likiisukuma pikapu kinabonyea, kinavuta waya, na waya unatanua shuu (vipande vya kukabia) ndani ya ngoma za magurudumu manne. Hazihitaji umeme wala mafuta kutoka kwenye gari, na fundi yeyote wa Mwanza anaweza kuzirekebisha. Juu yake ukaongezwa waya wa usalama unaovuta breki hizo tela likichomoka, na minyororo miwili iliyopishana chini ya mkono.

Mafuta ya breki ya pikapu yalimwagwa yote, mfumo ukasafishwa, yakawekwa mapya ya daraja la DOT 4. Pedi za mbele zilikuwa zimeng'aa kama kioo kwa kuungua, zikatupwa. Shuu za nyuma zilikuwa na uhai, zikasafishwa tu.

Valvu nilishauri ibaki. Fundi wa Land Cruiser alitaka itolewe, na tulibishana. Ilibaki kwa sharti kwamba swichi za klachi na mafuta ziwekwe. Fundi wa malori aliziweka mwenyewe, bila malipo, bila kusema neno.

Dereva alipewa maagizo yanayotosha kwenye kipande cha karatasi juu ya dashibodi: gia ya kushukia ichaguliwe juu kabla ya mteremko, breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha iachiwe, mwaloni na kwenye udongo wenye maji, fowili iingizwe (magurudumu yote manne yaendeshwe) na swichi ya ekzosi izimwe.

## Matokeo

Pikapu imekwishakwenda Dar tena na kurudi na mzigo unaokaribiana na ule wa kwanza. Kwa makubaliano, Sekenke ilishukwa kwa gia ya pili, valvu ikiwa imezimwa, ili tujue breki za tela zinafanya nini peke yake. Dereva alikanyaga breki mara chache, kwenye kona. Alisimama Shelui na kupeleka kiganja karibu na kila gurudumu: ya pikapu yalikuwa na joto la kawaida, ya tela moto zaidi kidogo. Safari iliyofuata aliwasha valvu. Anasema alishuka na gia ya tatu akiwa ametulia na karibu hakugusa pedeli. Magurudumu ya tela safari hiyo yalikuwa ya moto kuliko safari iliyotangulia, na hilo nitalieleza hapa chini.

Mwaloni hakuna tukio jingine. Kwa upande wa Sengerema na Geita, tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 pikapu inapita bila kusubiri kivuko, na dereva anakiri kwamba njia hiyo yote hajaona sababu ya kugusa swichi.

## Uchambuzi

Kilichotokea Sekenke kilikuwa nini hasa? Breki zikipata moto zinaweza kushindwa kwa njia mbili, na pedeli inakwambia ni ipi. Ikibaki juu na ngumu lakini gari halisimami, pedi ndizo zilizoshindwa: zimepita joto lake na haziumi tena. Ikizama laini, mafuta yamechemka, kuna mvuke kwenye mabomba, na mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni za breki. Dereva alieleza pedeli laini iliyorudi ngumu baada ya kupoa. Hayo ni mafuta yaliyochemka. Pedi zilizong'aa zinaonyesha kwamba nazo zilikuwa njiani.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri yanavyokaa. DOT 3 yakiwa mapya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205 za Selsiasi; yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kwa hiyo mafuta yale ya rangi ya chai yalikuwa yamempunguzia dereva nyuzi nyingi kabla hajatoka Dar. Chupa moja ya mafuta mapya ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa katika kisa hiki.

Joto lilitoka wapi? Kilo 5,300 zikishuka mita 100 kwa wima zinaachia nishati ya kama megajuli 5.2. Hiyo ni sawa na kulisimamisha gari hilo na tela lake kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa mara nne mfululizo. Nishati hiyo yote ikiingia kwenye kilo 50 za chuma cha diski na ngoma, na isipate pa kutokea, chuma kinapanda zaidi ya nyuzi 200. Kwa bahati nzuri upepo unapoza, matairi yanakula sehemu yake, na injini inakula sehemu yake. Swali la mteremko wowote ni jinsi ya kugawa joto hilo ili pasiwe na mmoja anayebeba yote. Sekenke, pedi za pikapu zilibeba karibu yote: tela halikuwa na breki, na gia ya nne iliiacha injini ikizunguka polepole bila kazi.

Je, valvu ingeokoa siku ile? Pengine. Lakini gia ya pili tangu juu ingeokoa pia, tena bure, na ushahidi ni kwamba baada ya kusimama walimaliza mlima huo huo, na mafuta yale yale mabovu, kwa gia ya pili na ya kwanza. Tuchukue mteremko wa asilimia 6. Kulishikilia gari na tela hili kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa kunahitaji kitu kinachokula kama kilowati 30. Ukishuka kwa 30, zinahitajika kama 20. Mwendo mdogo unapunguza kazi, na gia ndogo inaongeza mizunguko ya injini, ambayo ndiyo inayokula. Faida mbili kwa mkono mmoja. Na valvu yenyewe inategemea mizunguko hiyo hiyo: ukiiwasha ukiwa gia ya nne na injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika, utasikia mluzi lakini gari halitashikwa. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wanaofunga valvu huifunga ili waendelee kushuka na gia kubwa.

Kwa nini valvu hiyo hiyo iliumiza mwaloni? Kwa sababu breki ya ekzosi inafanya kazi kupitia magurudumu yanayoendeshwa tu, na kwenye pikapu hii, fowili ikiwa nje, ni mawili ya nyuma. Bodi tupu, udongo telezi, tela lisilo na breki likisukuma: magurudumu mawili mepesi yalipewa kazi ya kuzuia kila kitu. Hali kama hiyo ndiyo inayokunja gari na tela. Breki ya kawaida ingegawa kazi kwa magurudumu manne. Fowili ingegawa uzuiaji wa injini kwa manne vilevile. Na breki za tela zingelivuta tela nyuma badala ya kuliacha lisukume. Mafundi wa malori hawalioni tatizo hili mara kwa mara kwa sababu lori lao lina mzigo juu ya ekseli ya nyuma.

Kuhusu injini kuzima sina mjadala. Kazi ya umeme ilikuwa nusu. Dereva alikanyaga klachi kama anavyotakiwa, na mfumo ukamwadhibu kwa hilo.

Kuhusu joto la magurudumu ya tela. Breki za kusukumwa hazijui kama pikapu inapunguza mwendo kwa pedi au kwa injini. Zinachojua ni kwamba kichwa cha mkono kimebonyea. Pikapu ikizuiwa na valvu muda wote wa mteremko, tela linaiegemea muda wote, na shuu za tela zinagusa ngoma muda wote. Ndiyo maana safari ya valvu ilipasha magurudumu ya tela zaidi. Kwa Sekenke si hatari bado, ila kwa mteremko mrefu zaidi dereva atatakiwa asimame katikati na kukagua. Breki za tela za umeme hazina tabia hiyo, lakini zina mahitaji mengine ambayo sikuona kama uani kwa mama huyu yangetimizwa.

Kilichofanywa vizuri. Dereva alikosea juu ya mlima, lakini baada ya pedeli kuzama hakukosea tena. Alipampu, akashusha gia moja moja, akatumia hendibreki, ambayo ni ya waya na haitegemei mafuta yaliyochemka, tena bila kuifunga kabisa, akachagua upande wa mlima. Kukataa maji juu ya diski ya moto kulikuwa sahihi: chuma cha moto kikipoa ghafla upande mmoja kinaweza kupinda au kupasuka. Utingo naye alisema alichonusa mara aliponusa. Wapo wengi wanaonyamaza kwa kumwogopa suka.

## Kwa pikapu nyingine

Mabishano kama haya yapo pia Marekani, kwenye pikapu kubwa zinazovuta tani 6, 8, hata zaidi ya 10. Ram yenye injini ya Cummins ya lita 6.7 imekuwa na breki ya ekzosi kutoka kiwandani tangu 2007. Hapo kinachoziba njia ni mapezi ya tabo yenyewe, bila kifuniko cha ziada. Kwa mizigo ile na milima ile, mimi nisingevuta bila hiyo. Lakini hata huko tela linakuwa na breki zake, na valvu inakuja juu ya breki hizo.

Hilux na pikapu nyingine za tabo zenye gia za otomatiki zina jambo lake. Kati ya injini na gia kuna kigeuza nguvu cha majimaji, na kama hakijajifunga, sehemu kubwa ya uzuiaji wa injini inapotelea humo. Kufunga valvu ya mtumba bila kuhakikisha kigeuza nguvu kinabaki kimefunga wakati wa kushuka ni kununua mluzi. Badala yake, ingiza gia ya chini mwenyewe kwa mkono, usiache kwenye D.

Kisha kuna springi za valvu za kichwa cha injini. Mgandamizo ukizidi ndani ya bomba la moshi, unaweza kuzishinda springi na kuzifungua valvu za kutolea moshi wakati hazitakiwi. Cummins za zamani za lita 5.9 zenye valvu 12 zilihitaji springi ngumu zaidi ili zipewe mgandamizo mkubwa. Hapa ndipo fundi wa Land Cruiser alipokuwa na hoja ya kweli: valvu ile ilitengenezewa Canter, na hakuna aliyeipima mgandamizo wake juu ya injini hii. Tulikubaliana itobolewe tundu dogo kwenye kifuniko ili mgandamizo usipande sana. Uzuiaji ukapungua kidogo, dereva akanung'unika, na tundu limebaki.

Jibu nililompa mama ni kwamba kwa kazi zake za ziwani, Mwanza, Magu, Sengerema, Geita, valvu haihitajiki. Kwa safari za Dar inasaidia, ikiwa tela lina breki, mafuta ni mapya, na dereva ameingiza gia ya chini pale Misigiri. Aliuliza kama basi amepoteza hela ya valvu. Nikamwambia sehemu yake. Sasa anataka tela la pili, na fundi wa Land Cruiser amekataa kuchomelea hata chuma kimoja mpaka ekseli zenye ngoma zifike uani kwanza.